Hatimiliki, ngano na siasa: Kilichobadilisha sura ya bonde la Mto Mara

KILA kiangazi kinapokaza na maji ya Mto Mara yakapungua hadi miamba ya chini ikaonekana, lawama huelekezwa mahali pamoja: watu wamezidi kuwa wengi. Wakulima wamezaana wakafyeka misitu, wafugaji wameongeza mifugo ikamaliza nyasi, na mto ukabaki kulipa deni la wote. Maelezo haya hutolewa mikutanoni, redioni na katika hotuba za wakubwa, na aghalabu hayapati wa kuyapinga.

Yana chembe ya ukweli. Hata hivyo, kumbukumbu za bonde hili, zikiwemo picha za setilaiti zilizoanza kupigwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, zinasimulia kisa kilicho tofauti. Ardhi haikubadilika polepole kwa kadiri watoto walivyozaliwa. Ilibadilika kwa mishtuko, na kila mshtuko una tarehe yake: mwaka sheria fulani ilipopitishwa, mwaka ranchi fulani ilipogawanywa, mwaka msitu ulipomegwa kwa tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Tofauti kati ya maelezo hayo mawili haiwahusu wasomi pekee, kwani ndiyo huamua ni nani atakayevunjiwa nyumba na ni nani atakayeachwa.

Mto Mara una urefu wa takriban kilomita 400. Huanzia katika eneo la chepechepe la Enapuiyapui, juu katika safu za Mau, karibu mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Vijito viwili visivyokauka, Nyangores na Amala, hupitia nchi ya mashamba ya Bomet na Narok kabla ya kuungana. Kisha mto hukata mbuga ya Maasai Mara, huvuka mpaka na kuingia Serengeti, na hatimaye humwaga maji yake katika Ziwa Victoria karibu na Musoma nchini Tanzania. Eneo lote linalokusanya maji hayo lina ukubwa wa kilomita mraba zipatazo 13,500, na takriban theluthi mbili zake ziko Kenya. Kule juu mvua hutosha kustawisha chai mwaka mzima. Kule chini, mto huu ndio pekee usiokauka kaskazini mwa Serengeti, na nyumbu zaidi ya milioni moja huutegemea wakati wa kiangazi.

Utafiti uliolinganisha picha za 1973 na za 2000 ulionyesha kwamba katika miaka hiyo 27 ardhi ya kilimo katika bonde iliongezeka zaidi ya mara mbili, ilhali misitu ilipungua kwa takriban theluthi moja. Nyasi na vichaka vilipungua pia.

Ni muhimu kueleza kwa nini mabadiliko hayo huuathiri mto. Katika msitu, mvua hupokewa na majani, matawi na tabaka nene la mboji, ikanywea ardhini polepole na kulisha chemchemi miezi mingi baadaye. Ardhi inayolimwa mwaka baada ya mwaka, hasa kwenye mteremko, hushindiliwa ikawa ngumu, na mvua ileile hutiririka juu kwa juu ikibeba udongo. Jumla ya maji yanayopita mtoni kwa mwaka huenda isibadilike sana. Kinachobadilika ni ratiba. Mafuriko huja upesi na kwa nguvu zaidi, na kiangazi mto hudhoofika. Ndiyo sababu mkazi wa Mulot, kwenye kingo za Amala, anaweza kulalamikia gharika wakati wa masika na ukosefu wa maji miezi michache baadaye, na akawa mkweli mara zote mbili.

Basi ni nani aliyeanza kuugeuza msitu kuwa shamba?

Msitu wa Mau, wenye takriban hekta 400,000, ni chanzo cha mito 12, Mara ukiwa mmojawapo. Jopokazi la serikali lililoundwa mwaka wa 2008 kuuchunguza liliwasilisha ripoti yake 2009 na kueleza kwamba takriban hekta 107,000, yaani robo ya msitu mzima, zilikuwa zimepotea katika muda wa takriban miaka 15. Msomaji akisikia takwimu hiyo huenda akawaza kundi la watu wenye mashoka wakiingia usiku. Wapo waliofanya hivyo. Lakini sehemu kubwa zaidi iliondoka mchana kweupe, kwa kalamu.

Mnamo 2001, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, serikali iliidhinisha kumegwa kwa zaidi ya hekta 61,000 za Mau, hasa katika sehemu za Mashariki na za Kusini Magharibi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwapa makao maskwota, Waogiek na watu waliofurushwa na mapigano ya kikabila ya miaka ya tisini. Ugawaji ulipochunguzwa baadaye, majina ya wanasiasa, maafisa wakuu wa serikali na jamaa zao yalijitokeza miongoni mwa waliofaidika, nao Waogiek wengi, ambao misitu hiyo ni makao yao ya jadi, wakabaki bila chochote. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kukamilisha kazi yake 2004, ilikuwa imeonya kwamba ardhi ya misitu iligeuzwa zawadi ya kisiasa.

Maasai Mau, sehemu ya msitu inayolisha Amala, ina kisa chake, na pengine ndicho kinachofunza zaidi. Sehemu hii haikuwa msitu wa serikali kuu. Ilikuwa ardhi ya amana chini ya Baraza la Kaunti ya Narok. Kando yake kulikuwa na ranchi za jamii. Ranchi tano kati ya hizo zilipopimwa ili zigawanywe, mipaka yake ilisogezwa ikaingia msituni. Miti iliyosimama ikapata wenyewe kwenye ramani, wenyewe wakapata hatimiliki, na hatimiliki zikauzwa.

Wanunuzi wengi walikuwa wakulima wadogo kutoka nchi za jirani, waliouza ng'ombe au kipande cha ardhi ya urithi ili wapate ekari tano, kumi au zaidi mahali penye rutuba. Walionyeshwa cheti chenye mhuri wa serikali. Huyo ndiye anayeitwa mvamizi leo. Kuhusu aliyesogeza mpaka, aliyetia saini na aliyekula faida ya mauzo, mazungumzo ya hadhara huwa mafupi mno.

Hapa ndipo hoja ya wingi wa watu inapostahili kupewa haki yake. Nchi ya Bomet na miteremko ya juu ya Narok ina watu wengi, na shamba likigawanywa kwa wana wanne, kisha kwa wajukuu, hulimwa hadi ukingoni mwa mto. Kanuni za maji za 2007 zilitaka ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande wa mto uachwe bila kulimwa, kutegemea upana wake. Kando ya Nyangores na vijito vyake, mahindi na mikaratusi huota penye ukanda huo. Mikaratusi yenyewe ilipandwa kwa sababu nguzo na kuni zina soko, nayo hunywa maji kwa pupa. Hata chai imekuwa na pande mbili. Mwaka wa 1986 serikali ilianzisha mashamba ya Nyayo kuwa mkanda wa kuzuia wakulima wasiingie msituni, na pahali pengi mkanda huo umesaidia. Lakini ili uwepo, ilibidi kwanza msitu wenyewe ukatwe.

Wingi wa watu, kwa hivyo, ni shinikizo la kweli. Ila shinikizo huhitaji mlango wa kupitia, na mlango hufunguliwa na mwenye ufunguo.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote hautoki msituni. Unatoka katika nyanda za malisho, ambako maumbile yenyewe yamefanya kama jaribio la maabara.

Mfumo wa Serengeti na Mara umekatwa na mpaka wa kikoloni uliochorwa kwa rula. Pande zote mbili kuna Wamaasai, lugha moja, koo zilezile, ng'ombe walewale. Mvua na udongo vinafanana. Watu na mifugo wameongezeka pande zote mbili kwa kasi inayokaribiana. Iwapo ni idadi ya watu au ya ng'ombe inayomaliza nyasi na wanyamapori, basi Loliondo na Ngorongoro upande wa Tanzania zingeharibika sawa na Narok.

Haikuwa hivyo. Katherine Homewood wa Chuo Kikuu cha London, University College, pamoja na wenzake walichapisha mwaka wa 2001 utafiti uliolinganisha pande hizo kwa kutumia takwimu za miongo kadhaa. Upande wa Kenya, uoto ulikuwa umebadilika kwa kasi na wanyama wa aina nyingi wakapungua vibaya. Upande wa Tanzania, mabadiliko ya namna hiyo hayakuonekana. Walipotafuta kilichotofautiana, walipata mambo mawili: sheria za umilikaji wa ardhi na nguvu ya soko.

Nchini Tanzania ardhi yote ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na mwanakijiji hupata haki ya kuitumia bila ya kuimiliki kwa hatimiliki ya kuuza atakavyo. Nchini Kenya, sheria ya 1968 iliwaruhusu wafugaji kujisajili kwa vikundi na kumiliki ranchi kwa pamoja. Nia ilikuwa kuwapa usalama wa ardhi na mikopo ya kustawisha mifugo. Lakini kilichosajiliwa kinaweza kugawanywa, na kuanzia miaka ya themanini serikali yenyewe iliunga mkono ugawaji. Ranchi kubwa za Narok, kama vile Lemek na Koyiaki, zikaanza kupasuliwa vipande vya watu binafsi. Wajumbe wa kamati na waliokuwa karibu nao mara nyingi ndio waliojipatia vipande vikubwa na vizuri zaidi.

Wakati huo ngano ilikuwa na bei, na serikali ilitaka nchi ijitosheleze kwa chakula hicho. Wakandarasi walifika Nyanda za Loita na trekta zao, wakakodi mamia na maelfu ya ekari kutoka kwa wenye ardhi, wakalima, wakavuna kwa mashine na kuondoka hadi msimu uliofuata. Eneo lililolimwa kwa mitambo liliongezeka kutoka takriban hekta 5,000 mwaka wa 1975 hadi takriban hekta 50,000 kufikia 1995. Mara kumi kwa miaka 20! Hakuna ukoo wowote duniani unaozaana kwa kasi hiyo.

Loita palikuwa mahali pa kuzalia pa nyumbu wa Kenya, ambao ni kundi tofauti na wale wahamaji wakuu wa Serengeti. Wakati wa mvua walikwenda huko kutafuta majani mafupi yenye madini, na kiangazi wakarudi Mara. Trekta zilipofika, kundi hilo lilipungua kwa karibu robo tatu kati ya mwisho wa miaka ya sabini na mwisho wa miaka ya tisini. Mfugaji mwenye ng'ombe 40 hakuwa na mkono katika hilo. Yeye mwenyewe alipoteza malisho ya mvua, sawa na nyumbu.

Isisemwe kwamba upande wa pili wa mpaka ni peponi. Ardhi iliyo mikononi mwa dola huweza kutwaliwa na dola. Mnamo Juni 2022 serikali ya Tanzania iliweka mipaka katika kilomita mraba 1,500 za Loliondo na kulitenga eneo hilo kuwa pori tengefu la Pololeti, hatua iliyozua makabiliano na wafugaji waliolitumia kwa vizazi. Nyasi zilikuwa bado zipo. Swali likawa ni za nani.

Mtoni, athari za hayo yote hukutana. Katika sehemu ya Kenya ya Mara kuna viboko zaidi ya 4,000, ambao hula nyasi usiku na kurudi majini mchana, wakiacha humo takriban tani 36 za kinyesi kila siku. Mto unapotiririka vizuri, kinyesi hicho ni mbolea ya samaki na wadudu. Maji yanapodhoofika, hujaa kwenye vidimbwi na kumaliza oksijeni. Mvua ya kwanza kubwa ikiyasukuma maji hayo machafu, samaki hufa kwa wingi mkondoni. Watafiti walieleza jambo hilo mwaka wa 2018. Kiboko hana kosa na si jambo jipya kwake kunya majini. Ila jinsi mto unavyozidi kudhoofika kiangazi, ndivyo vidimbwi vinavyozidi kuwa hatari.

Mbele zaidi, karibu na ziwa, udongo uliotoka kwenye mashamba ya juu hutua. Eneo la chepechepe la Mara upande wa Tanzania limepanuka sana tangu miaka ya sabini, kutokana na mashapo hayo na vilevile kupanda kwa kina cha Ziwa Victoria. Mafunjo yameota palipolimwa zamani. Wapo waliopoteza mashamba, na wapo waliopata uvuvi wa kamongo na kambare. Udongo wa Bomet umekuwa kinamasi cha Butiama, na hakuna mahakama ya kudai fidia.

Tiba zilizojaribiwa kufikia sasa zimefuata utambuzi wa ugonjwa, na utambuzi umekuwa ule wa wingi wa watu. Watu walifurushwa Maasai Mau mwaka wa 2005. Walifurushwa tena Mau Kusini Magharibi mwishoni mwa 2009, kisha Maasai Mau mara mbili, 2018 na 2019. Kila mara nyumba zilibomolewa, shule zikafungwa na familia zikapiga hema kando ya barabara. Kila mara wanasiasa wa upande mmoja waliapa kwamba msitu utarudi, na wa upande mwingine wakaapa kwamba watu watarudi. Miti imeanza kurejea katika baadhi ya maeneo yaliyoachwa. Walioandaa hatimiliki zile, kwa sehemu kubwa, hawajaguswa.

Waogiek walichagua njia nyingine. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafukuza Mau, na kwamba kuwepo kwao msituni si sababu ya uharibifu uliotokea. Mnamo Juni 2022 mahakama hiyo iliagiza walipwe fidia ya jumla ya Sh157.85 milioni na wapewe ardhi yao ya jadi kwa hatimiliki ya pamoja. Novemba 2023, nyumba za Waogiek zilibomolewa tena, mara hii katika eneo la Sasimwani. Uamuzi wa mahakama hiyo una uzito wa pekee katika mjadala huu, kwani ulikataa kauli iliyozoeleka kwamba kila aishiye msituni ni mharibifu wake.

Katika nyanda za chini kumejaribiwa jambo lenye mantiki tofauti. Kwa kuwa ni soko lililoleta ngano, wenye ardhi walioizunguka mbuga ya Maasai Mara walianza kulitumia soko lingine, la utalii. Wamiliki wa vipande vilivyogawanywa waliviunganisha tena na kuvikodisha kwa kampuni za hoteli kama hifadhi za wanyamapori: Olare Orok mwaka wa 2006, Mara North 2009, Naboisho 2010, na nyingine zilizofuata. Mwenye ardhi hulipwa kila mwezi kwa kadiri ya ekari zake, mradi asijenge wala kulima, na ng'ombe huruhusiwa kulisha kwa mpango. Wanyama wamerejea katika hifadhi hizo kwa wingi unaoonekana.

Lakini kodi ya soko hupanda na kushuka na soko. Watalii walipokosa kuja 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19, malipo yalipunguzwa au kucheleweshwa, na wapo waliofikiria upya shughuli za kilimo na ua. Nje ya mipaka ya hifadhi, seng'enge zimekuwa zikiongezeka kwa kasi tangu mwanzo wa muongo uliopita. Mwenye kipande akiona jirani amezungushia chake, naye huzungushia, hata kama angependa ng'ombe wake waendelee kutembea, maana asipofanya hivyo ng'ombe wa jirani watakula kwake na wake hawatakula popote.

Kuna jambo lingine ambalo mikataba hii ilirithi kutoka kwenye ugawaji wa ranchi. Malipo humfuata aliyeandikwa kwenye hatimiliki. Wanawake wengi hawakusajiliwa, na vijana waliotahiriwa baada ya ardhi kugawanywa hawakukuta kitu. Baba akifa, ekari zilizokuwa 150 hugawanywa kwa wana sita, na kila mmoja wao hupigiwa simu na dalali kabla ya matanga kwisha.